Bi Mkubwa na Magari ya Waingereza

Bi mkubwa ninayemtunza hapa mtaani Ghubra hajawahi kuendesha gari, lakini msimu huu hakukosa hata sehemu moja ya kile kipindi cha magari cha Waingereza kwenye runinga. Hukaa ukingoni mwa kochi, tasbihi mkononi, na kila kona ikija mguu wake wa kulia hukandamiza zulia. Mtangazaji akijisifu, humcheka: "Mtu mzima huyu, hana haya!" Gari likikwama mchangani, huliombea dua. Kiingereza hakijui, huniuliza mimi, na nikichelewa kumfasiria hujijibu mwenyewe.

Siku ya sehemu ya mwisho, Waingereza wale walipokuwa wakivuka jangwa kwa magari makuukuu, mwanawe Khalfan akaingia na mtu aliyetaka kununua gari la marehemu mume wa bi mkubwa, lililokaa uani tangu msiba. Bi mkubwa akatoka. Tulimkuta uani, kwenye kiti cha dereva cha gari hilo, amejifungia.

"Mama, fungua. Mgeni anangoja."

Akashusha kioo kidogo. "Mwambie haliuzwi. Nna safari nalo."

"Atakuendesha nani?"

"Kwani we huoni nimekaa wapi? Nitafutie mwalimu."

Khalfan akamgeukia mgeni, akamwomba radhi.