Maziwa kwenye Sahani

Mama alikuwa amekataa kukatwa ziwa. Daktari wa hospitali ya Liverpool, huku ugenini tunakoishi, alieleza kwamba uvimbe ni wa hatari na upasuaji usicheleweshwe. Mama akasikiliza tafsiri yangu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: likishakatwa linaenda wapi? Maabara, daktari akasema, halafu linachomwa. Mama akachukua mkoba wake akaondoka. Kwetu Uvira kiungo cha mtu kinazikwa, hata kiwe kidole.

Wiki nzima nilibishana naye. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu kwamba sikio lake nalo likifa tulizike. Jumamosi, kwa hasira tu, nikampeleka mjini kwenye maonyesho ya michoro ya kale ya Italia, angalau tukanuniane mahali penye kiyoyozi.

Sisi ni walokole, watakatifu hatuwajui. Wa kwanza alikuwa mtawa mwenye panga lililokwama kichwani, ametulia utadhani anasubiri treni ya Penrith. Wa pili alikuwa msichana aliyebeba macho mawili kwenye kisahani, na mengine mawili yapo usoni pake. Mama aliwakagua mmoja mmoja.

"Hawa wako emajensi," akasema. "Kila mtu anashika chenye kinamuuma, wanangoja waitwe."

Nikacheka, nikakasirika kwamba nimecheka.

Tukafika kwa mwanamke wa joho jekundu, ameshika sahani yenye viduara viwili vyeupe.

"Huyu ni wa kantini. Ameleta mandazi."

Nikasoma maelezo ukutani. Natamani nisingejua kusoma.

"Si mandazi, mama. Ni maziwa."

"Maziwa kwenye sahani? Si yangemwagika?"

"Maziwa yake mwenyewe. Walimkata."

Mama alisogea karibu na picha mpaka mlinzi akakohoa. Akamtazama yule mwanamke kifuani, kisha usoni, kisha kwenye sahani. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Zote mbili," mama akasema taratibu. "Lakini unaona? Walimurudishia."

Jumatatu nikakaa mbele ya daktari, nikatafsiri kwa uso mkavu: mama yangu anakubali upasuaji, mradi arudishiwe ziwa lake, kama mama wa kwenye picha. Daktari akauliza picha gani. Nilimweleza habari za sahani. Akapiga simu mbili tatu. Kumbe inaruhusiwa, maabara ikishamaliza.

Lilikuja kwenye kindoo cha plastiki chenye kifuniko. Tulichimba nyuma ya nyumba, Macquarie Fields, ndugu zangu wakibishana kama ziwa moja linaombewa sala ya mazishi au la. Mama, bandeji bado kifuani, akawanyamazisha.

"Mulinyonya wote hapa," akasema. "Muage."

Tukapanga foleni, watu wazima wenye watoto wetu, na mimi kifungua mimba nikatangulia.