Harusi ya Makambako Niliyojiitikia Mwenyewe

Mwanangu, alasiri moja ya harusi pale Makambako naikumbuka kuliko alasiri zote za ujana wangu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na gitaa moja na kiburi cha watu kumi. Usicheke kwanza.

Tulikuwa bendi ya watu watatu pale Njombe. Mimi nilitunga na kuanzisha nyimbo. Danieli na Mligo waliitikia na kupiga ngoma. Mchana tulimenya magome ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea dawa ya ngozi, jioni tukafanya mazoezi. Siku moja nikawaambia kwamba bila nyimbo zangu wao ni kelele tu. Mdomo wangu huo! Danieli akabeba ngoma yake, Mligo akamfuata, na bendi ikaishia hapo.

Shida ni kwamba tulishaahidi kupiga kwenye harusi ile ya Makambako. Baba wa bibi harusi alingoja watatu, nami nikaapa kuwaonyesha Danieli na Mligo kwamba natosha. Nikiaibika Makambako, nani angeniita tena? Nikapanda lori, juu ya magunia ya mahindi, gitaa nimelifunika kwa koti langu mwenyewe.

Nilipoanza kuimba nilifanya jambo ambalo sisi Wabena hatulifanyi. Nyimbo zetu, kama ujuavyo, mmoja huanzisha na wengine huitikia. Mimi nilianzisha, kisha nikakimbilia kuitikia mwenyewe, tena kwa sauti nzito ya kumwigiza Mligo. Pumzi zikaniishia. Jasho likanitoka katika baridi ile. Watu walinitazama kimya, vikombe vya pombe ya ulanzi mikononi, nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo ajuza mmoja, bibi yake bwana harusi, akainuka na mkongojo wake.

"Kamwene, kijana," alinisalimu.

"Kamwene, bibi," nikaitika nikihema.

"Mbona unatujibia? Nani kakwambia sisi hatuna midomo? Anzisha, halafu nyamaza!"

Watu wakaangua kicheko. Niliona haya, ila nilimtii. Nikaanzisha, nikafunga mdomo. Kimya kile kilinitisha kweli. Kisha bibi akaitikia, akina mama wakamfuata, na uwanja mzima ukapokea, hata bwana harusi akaacha kiti chake. Tuliimba hadi jua likazama. Nilifurahi mno, lakini pia niliumia, maana nilielewa kwamba wenzangu walikuwa nusu ya kila wimbo niliouita wangu.

Niliporudi Njombe niliwaomba radhi. Walinisamehe, tena Mligo alicheka mpaka akakaa chini niliposimulia nilivyomwigiza, ila bendini hawakurudi; walishaingia kwaya. Nikaendelea peke yangu miaka mingi, na kila nilikokwenda niliwaachia watu zamu yao.

Basi nakuambia waziwazi: ukigombana na wenzako, omba radhi mapema kuliko nilivyofanya mimi. Na ukibaki peke yako, usijitie kutosha kwa kila kitu. Anzisha lako kwa ujasiri, halafu nyamaza kidogo, wakujibu. Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe watu wa kuipokea.