Sauti Niliyompa Mfalme wa Giza

Kwa muda wa miezi saba nilikuwa mtu mwovu kuliko wote pale Kamembe, na nilipendwa mno. Waendesha pikipiki walinisalimu kwa kunguruma. Wabeba mizigo wa mpakani, Rusizi ya Kwanza, wakiniona walikunja kidole kimoja polepole, kisha wakajitupa chini kana kwamba nimewavunja mbavu. Muuza sambaza mmoja, wale dagaa wa ziwani, aliniongezea kiganja kizima bure, kwa sharti kwamba nimtishe mteja aliyesimama nyuma yangu. Nilimtisha. Sambaza zile zilikuwa tamu.

Kazi yangu ni kusimulia filamu. Filamu inakuja kwa lugha ya mbali, ukumbi umejaa wenyeji na watu waliovuka kutoka Bukavu kuja sokoni, nami nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, nawasemea wote waliomo: mwema, mbaya, mama mkwe, hata farasi. Kwingine nchini wanasimulia kwa Kinyarwanda. Sisi, kwa ajili ya wateja wetu, tunasimulia kwa Kiswahili. Kanuni ya kazi ni moja tu, kutonyamaza. Msimulizi akinyamaza kidogo, watu wanaanza kupiga mabenchi kwa viganja na kuuliza kama amesinzia.

Filamu iliyonipa jina ilikuwa ya vita vya anga za mbali, yenye sehemu sita, na tuliionyesha alasiri za wikendi, sehemu moja baada ya nyingine, tukirudia kila sehemu mpaka watu wakinai. Ndani yake kuna mfalme mdogo wa sayari maskini anayeokota jiwe, kipande cha nyota iliyokufa. Analivaa kifuani. Akiligusa, anapata nguvu ya ajabu: anakunja kidole huku, na chombo cha adui kinapondeka kule angani. Sehemu ya kwanza ni mtu mpole mwenye aibu. Kufika ya tatu, sayari saba zinamlamba miguu.

Ukumbi ule uligawanyika vibaya kuhusu asili ya nguvu ile. Wengine walisema jiwe lina jini, na jini huyo ni kafiri. Wakatoliki waliokaa upande wa dirishani walisema ni Shetani mwenyewe, hana haja ya kujificha ndani ya jiwe. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeshikilia kwamba ni betri. Mimi niliwaacha wabishane, kwa sababu ubishi ulijaza ukumbi, na mwenye ukumbi, mzee mmoja mchoyo wa kila kitu isipokuwa sifa, alinipiga piga mgongoni kila Jumapili.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Kila Jumamosi alivuka na beseni la mandazi, akayauza sokoni, kisha akaja kukaa benchi la mbele na beseni tupu mapajani. Siku moja aliinua mkono katikati ya vita.

“Papa, mi napika kila siku. Moto ya jiko iko nakula makala. Ile jiwe iko nakula nini?”

“Inakula maadui, Maman!” nikamjibu kwa sauti ya mfalme, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ile sauti ya mfalme ndiyo ilikuwa ufundi wangu. Wengine wote niliwasemea kwa sauti ya kawaida, hata shujaa, ambaye kusema kweli alinichosha. Lakini mfalme nilimtolea ngurumo ya kutoka tumboni, nikaikwaruza kooni mpaka machozi yanilenge. Ukumbi wetu hauko mbali na uwanja wa ndege, na ndege ikipita juu ya bati hakuna anayesikia kitu. Mimi nilijipanga: ndege ikipita, mfalme anakasirika. Nilikuwa nashindana na injini, na nakuapia kuna siku nilishinda.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Baba ni fundi cherehani, anashona kanzu na suruali za shule, na kwa zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa ndiye muadhini wa msikiti wetu. Sauti yake watu walizoea kuifanya saa yao. Mwaka ule aliniambia kwamba Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani nitatoa mimi adhana ya mchana, na baada ya hapo kazi ile itakuwa yangu. Kwangu ilikuwa heshima, basi. Kwake ilikuwa jambo zito kuliko harusi yangu ambayo hadi leo anaisubiri. Alinishonea kanzu mpya, akaitundika ukutani juu ya cherehani, na kila aliyeingia kupima suruali alielezwa ni ya nini.

Kila asubuhi, baba akipiga pasi, alinisikiliza nikifanya mazoezi. Alisahihisha kwa kuinua kidole, bila kusema. Na mara kwa mara alisema, “Ile kunguruma yako, upunguze.” Nikamjibu ndiyo baba, ndiyo baba, kama anavyojibiwa mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Sasa niwaambie kosa langu, na ni kosa ambalo msimulizi peke yake ndiye anaweza kulifanya. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, kwa hiyo kila filamu niliitazama kwanza kwenye simu. Na nilipoitazama, sehemu zisizo na maneno nilizirusha. Pasipo na maneno kuna nini cha kusimulia? Nilikimbilia mahali watu wanapoongea. Nikifika ukumbini, yale mapande ya kimya yananikuta sijajiandaa, na kunyamaza ni mwiko, basi nayajaza kwa mizaha.

Katika sehemu ya nne kuna pande kama hilo. Mfalme ametoka vitani, ameligusa jiwe. Mama yake anakuja, anasimama mbele yake, anasema, midomo inacheza, lakini hakuna sauti yoyote. Mfalme anamtazama, anatazama, kisha anageuka anaondoka. Mimi nikamsemea mama: “Mwanangu, maharagwe yanapoa!” Na mfalme, kwa ngurumo: “Nimeshakula!”

Jamani. Watu walianguka kwenye mabenchi. Wiki nzima sokoni ilikuwa ni maharagwe yanapoa, nimeshakula, maharagwe yanapoa, nimeshakula. Kichwa kilinivimba hadi kofia ya kanzu ile mpya ingenikataa.

Jumamosi iliyofuata yule mama wa mandazi alinisubiri mlangoni. “Papa, ulitudanganya. Ule mama haiko naongea maharagwe. Mutoto yake haimusikie tena. Ni hiyo njo ile jiwe inakula. Kwanza yaya yake, ule dada mukubwa, kisha ndugu yake, sasa mama. Bote banafungua kinywa, yeye haisikie.”

Nilikasirika, sifichi. Mimi, na kipaza sauti changu, nifundishwe kazi na muuza mandazi! Nikamwambia akitaka kusimulia alete koo lake. Lakini nyumbani nilirudisha filamu nyuma, safari hii bila kurusha, na kila kitu kilikuwa pale pale kama alivyosema. Mfalme akiligusa jiwe, mtu mmoja anayempenda anazimika masikioni mwake. Watu wengine wote anawasikia. Maadui anawasikia vizuri kabisa, hata wakinong'ona. Ni wale wanaompenda tu ndio wanaopotea, mmoja mmoja, na yeye haoni kwamba amelipa, kwa sababu kimya hakiumi. Nilikuwa nimeikata bei yote ya nguvu ile na kuwaonyesha watu nguvu tupu.

Je, nilirekebisha? Sikurekebisha. Utani wa maharagwe ulikuwa mtamu, watu waliuomba kwa jina. Nilijiambia ni filamu tu, na jioni nikala wali na baba. Nakumbuka alianza kusema jambo, nami nikawa nameza tangawizi na kuijaribu ngurumo ya sehemu ya tano kwa sauti ya chini, na alipomaliza nikasema ndiyo baba.

Ramadhani ilipokaribia, mwenye ukumbi alitaka tumalize filamu kabla watu hawajaanza kufunga. Siku tatu mfululizo nilinguruma, maonyesho mawili kila alasiri, na ndege nazo siku zile utadhani zilikuwa zimetumwa. Sehemu ya tano ilikwisha. Ya sita, ya mwisho, mzee akaipangia Jumapili ya kwanza ya mwezi wenyewe, akisema watu wakifunga wanahitaji kitu cha kupitisha saa. Mwezi uliandama, na Ijumaa ile ikafika.

Asubuhi nilivaa kanzu yangu. Nikafungua kinywa kumsalimu baba, ikatoka pumzi. Nikajaribu tena, ukatoka mlio wa bawaba ya mlango. Nilidhani itafunguka kufikia mchana. Nilitembea hadi msikitini nikijikohoza njia nzima, na watu wakanitakia mwezi mtukufu mwema, nikajibu kwa kichwa tu, wakadhani ni unyenyekevu.

Baba alinikabidhi kipaza sauti mwenyewe, mbele ya safu. Nikaweka mkono wa pili sikioni, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikajaribu mara ya pili, na msikiti mzima ukasikia, kupitia spika, mtu akipumua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile na simwombei hata adui. Baba aliniwekea mkono begani, akanisogeza taratibu, akaadhini mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama kiganja kimoja kutoka kwake. Na pale ndipo niliposikia. Sauti ilikuwa ile ile, lakini chini yake kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Alikata pumzi mahali ambapo hajawahi kukata. Neno moja alilianza, likamponyoka, akalianza upya. Mkono wake ulishika ukuta. Watu walioketi mbali hawakujua, kwa sababu spika inaficha mengi. Mimi nilijua, na nikajua pia kwamba hicho kifua hakikuanza leo.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi dirishani. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, mwenye ukumbi akawasomea kwa uchungu mwingi: msimulizi hana sauti, leo tutatazama hivi hivi. Walipiga mabenchi, wakapiga kelele, mwishowe wakachoka wakatulia. Sehemu ya sita ikaenda na wao wenyewe wakasimuliana. Ndipo likaja pande la mwisho. Mfalme yuko peke yake katika chombo chake kikubwa, ameshinda kila vita. Aliyebaki ni binti yake, amesimama nyuma yake mlangoni, na mlango wa chombo unafunga polepole. Binti anamwita. Tunaona shingo yake ikikaza kwa kupiga ukelele. Mfalme anatazama nyota, anatabasamu, mkono uko kwenye jiwe. Hageuki.

Hakuna aliyesema maharagwe. Ukumbi wote ulinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, na mwanamume mmoja nyuma akasema polepole, “Geuka, muntu wangu. Geuka.” Ndege ikapita juu ya bati. Mama wa mandazi, aliyevuka Jumapili ile kwa ajili ya mwisho wa filamu, aligeuza uso akanitazama, bila kunisuta, na kwa hilo alinichoma zaidi.

Sikungoja taa. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa kwenye cherehani, anatia ukingo wa suruali. Nilichukua chaki yake ya kushonea, nikaandika juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani, kitambaa cha mteja, na hata hakunikemea: KIFUA KIMEANZA LINI?

Alisoma. Akavua miwani.

“Nilikuambiaka,” alisema. “Mara tatu, mwana yangu. Ile ya kwanza siku nilitoka kwa munganga, akanikataza kupaza sauti. Ya pili tulikuwa tunakula wali. Ya tatu ulikuwa bafuni, uko nanguruma, nikasimama ku mulango nikakuita. Nikasema, basi, iko na kazi.”

Nilitafuta ndani ya kichwa changu siku zile tatu. Wali niliukumbuka. Maneno sikuyakumbuka hata moja, ilhali ninaweza mpaka sasa kukutajia kila neno la mfalme, sehemu zote tano.

Niliketi kwenye kigoda cha kupimia. Baba alipangusa chaki kwenye kitambaa kwa kiganja, akarudisha miwani, akaniambia mara ya nne, tangu mwanzo: daktari alisema nini, dawa ni zipi, usiku analalia upande gani ili apumue, na kwamba alitaka kabla ya mambo kuharibika akae safu ya mbele Ijumaa moja, kama mtu mwingine yeyote, aisikie adhana ikitoka kwangu. Ilimchukua muda mrefu, akipumzika katikati. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na sauti ya kusema ndiyo baba, nilimsikia.