Kitabu Kilichorudishwa Mnadani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, katika uwanja wa kanisa letu kule juu ya Manyatta, nikiwa nimeketishwa kwenye kiti cha wageni na sijui niweke wapi mikono yangu. Nilikuwa msichana mwenye haya. Shule niliiachia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuchuma majani chai pamoja na baba. Lakini nilikuwa nimeandika kitabu. Nilikiandika polepole sana, jikoni, maharagwe yakiiva, na kilinichukua miaka mingi kuliko nilivyopenda kukiri. Fundi mmoja wa mjini Embu, aliyezoea kuchapa kadi za harusi na mitihani ya shule za msingi, alikichapa na kukibana kwa pini. Kikatoka kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Siku hiyo watu walikuwa wamekuja kukizindua.

Umeniuliza, wewe kijana unayeanza kuandika, jinsi ya kuwaalika watu kwenye uzinduzi wa kitabu chako kitakapokwisha, na kama ukumbi wa hoteli unafaa kuliko uwanja wa kanisa. Nitakujibu, ila nitazunguka kidogo. Hata kuandika mimi huandika hivyo hivyo.

Sisi uzinduzi tuliujua kwa njia moja tu, harambee. Mtoto wa jirani akipata nafasi ya chuo, harambee. Paa la kanisa likitoboka, harambee. Sasa Wawira, ndiye mimi, ameandika kitabu, basi tufanye harambee. Kina mama walipika githeri, mahindi na maharagwe, tangu asubuhi. Wengine wakaleta vitu vya mnada, jogoo mwekundu, mkungu wa ndizi, debe la viazi. Na kwenye meza yenye kitambaa cheupe wakapanga vitabu vyangu vizuri, kama mtu anavyopanga mikate dukani.

Mnada wetu una desturi yake, nawe umezaliwa mjini huenda hujauona. Mtu akinunua kitu na akataka kuonyesha moyo wake, hakichukui. Hulipa, kisha husema kirudi, kiuzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mpaka mwenyewe aonekane amechoka. Ndiyo njia yetu ya kumwinua mtu.

Aliyenadi alikuwa Njagi, dereva mstaafu wa lori, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Akainua kitabu changu juu.

"Haya, watu wa Mungu. Jogoo mnamjua, ndizi mnazijua. Hiki hamkijui. Kimeandikwa na Wawira wa Njeru, yule ambaye ukimsalimia anajibu akiangalia viatu vyako. Kumbe alikuwa anatuandika?"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mwalimu mkuu akakinunua, akasema kirudi. Mwenye duka akakinunua, akasema, "Kirudi tena, msiseme mimi ni mchoyo." Mama mmoja wa kwaya akakinunua, akakirudisha akicheza. Kila kiliporudi watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa nikimtazama baba.

Baba yangu, Njeru, alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu mama afariki, mazungumzo yetu yalikuwa ya maji na kuni. "Maji yapo?" "Yapo, baba." Hakuwahi kuniuliza ninaandika nini pale jikoni. Alipita tu, akachukua kijinga cha moto kuwasha sigara yake, akatoka. Nami siku ile nilitamani kitu kimoja, kwamba baba akichukue kitabu changu, akiweke kabatini karibu na Biblia yake, na siku moja akifungue. Wengine wote wangekirudisha wapendavyo.

Zamu yake ilipofika alisimama na lile koti lake la Krismasi. Akalipa. Akakishika kitabu, akapangusa jalada kwa mkono wa koti, akalitazama kwa muda. Halafu akamrudishia Njagi.

"Kirudi," akasema.

Makofi yakawa makubwa kuliko ya wote waliotangulia.

Jioni watu walipotawanyika, jogoo alikuwa ameondoka na mke wa mwenye duka. Ndizi zilikuwa zimeondoka, viazi vimeondoka. Vitabu vyangu vilikuwa palepale mezani kama vilivyoletwa. Walikuwa wamechanga pesa za kutosha kumlipa fundi na nyingine kubaki, kila mtu alinishika mkono na kunibariki, na hakuna hata mmoja aliyeondoka na kitabu. Nikavirudisha ndani ya katoni, nikajitwika, nikarudi nyumbani nyuma ya baba.

Kesho yake tulikuwa kituo cha majani chai kama kawaida. Kituo chenyewe ni banda la mabati lenye meza ndefu, ambapo wakulima hukagua majani yao na kusubiri lori la kiwanda. Barabara ilikuwa ya udongo wakati ule, na mvua ikinyesha lori lilichelewa mpaka giza likatukuta. Kwenye meza yangu alikaa bibi tuliyemwita Cucu Marigu, mama mzee aliyekuwa na chai kidogo na maneno mengi.

"Wewe Wawira, jana tumekupigia makofi mpaka mikono inauma. Leo mbona umekunja uso kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo?"

Nikamwambia, kwa sauti ndogo ili baba asisikie. Nikasema watu hawakukitaka kitabu changu, walitaka harambee. Nikasema hata baba alikirudisha.

Cucu Marigu akaendelea kuondoa majani magumu, akiyatupa chini.

"Ulitaka akichukue afanye nini nacho?"

"Asome, cucu."

"Njeru asome? Njeru anajua kusoma namba ya mfuko wake wa chai na Zaburi mbili tatu, tena polepole, tena za Biblia ya Kikuyu. Wewe umemwandikia Kiswahili cha shule. Kwangu mimi je? Mimi nikikiona hicho kitabu ninaona chungu wanatembea kwenye karatasi." Kina mama wakacheka, naye akawangoja wamalize. "Watu wamekupa walicho nacho, msichana. Makofi wanayo, viazi wanavyo, wamekupa. Wewe una nini ambacho sisi hatuna?"

Nikaendelea kuchambua majani yangu.

"Unajua kusoma. Sasa tumekaa hapa, lori liko kwenye matope huko chini, na mdomo unao. Tusomee."

"Cucu, mimi naona haya."

"Haya zako utazila? Kesho ukilete."

Mwanangu, usiku ule sikulala vizuri. Lakini nilikileta, ndani ya kikapu, chini ya kanga. Nilipoanza kusoma sauti yangu ilifia kwenye meza yetu. Mtu wa meza ya mwisho akapaza sauti, "Anasoma au anasali?" Na mwingine, "Mwacheni, anayasomea majani moja moja." Cucu Marigu akawaambia wanyamaze au watoke wakanyeshewe. Nikarudia mwanzo, kwa nguvu kidogo.

Kilikuwa kisa cha mwanamke wa wakati wa njaa anayebeba mtama kumpelekea kaka yake upande wa Mbeere, na mto Rupingazi umefurika. Nilisoma sentensi kadhaa, kisha Cucu Marigu akawaeleza kwa Kiembu wale wasioelewa. Nikasikia anaongeza mambo yake. Mimi nilimpa yule mwanamke kikapu, yeye akampa na mtoto mgongoni. Nilitaka kumsahihisha, nikaona jinsi kina mama walivyoacha mikono yao juu ya majani, wametulia, wanamtazama. Nikamwacha aendelee. Mpaka leo, nikikisoma kitabu kile, ninamwona yule mtoto ambaye sikumwandika.

Baba alikuwa upande wa wanaume karibu na mizani, amekalia kikapu chake alichokipindua, ametugeuzia mgongo. Sikujua kama anasikia. Nilikuwa nimefika pale mwanamke anaweka mguu wa kwanza majini, lori likapiga honi kwenye kona, na watu wote wakainuka kukimbilia mizani. Karani wa mizani hangoji mtu. Nikafunga kitabu.

Tulirudi nyumbani, nikapika, tukala. Baba akachukua kijinga chake cha moto, akawasha sigara. Hakutoka. Alisimama hapo mlangoni, akiangalia nje.

"Yule mama wa mtama," akasema. "Alivuka?"

Nimesikia maoni ya watu wengi tangu siku ile, mwanangu. Watu wenye miwani wamesifu kazi yangu, wengine wameikosoa, na nimeshukuru wote. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikapata ujanja ambao sikujua ninao.

"Kesho kituoni, baba."

Akanitazama, akaona nimefanya nini, akacheka kidogo puani. Kesho yake alihamisha kikapu chake, akakikalia karibu na meza yetu.

Tulikisoma kitabu chote msimu ule wa mvua, kipande kwa kipande, kadiri lori lilivyochelewa. Kilipokwisha watu walianza kuvitaka vile vilivyobaki kwenye katoni. Walisema watoto wao wanaosoma watawasomea tena ile sehemu ya mto. Wengine walilipa, wengine walileta maziwa, na mmoja alinipalilia safu mbili za chai bila kusema kwa nini. Cucu Marigu alichukua kimoja akakifunga kwenye leso, yeye aliyesema anaona chungu. Baba hakuchukua. Alisema chake kiko kichwani, na akaniuliza kama kingine kinaandikwa.

Kilikuwa kinaandikwa, kwa mwendo wangu ule ule. Na baba akaanza kuumwa. Alipoacha kwenda kituoni nilikuwa nikimsomea kando ya kitanda sehemu niliyoandika wiki hiyo, ukurasa mmoja, mara nyingine nusu. Hakunihimiza. Aliuliza tu, "Leo umefika wapi?" Kulikuwa na kijana katika kisa kile aliyekuwa akitafuta shamba la babu yake, na baba alikuwa na maoni makali juu ya mipaka. Alinifanya nihamishe mti wa mpakani mara mbili. Baba alifariki wakati kijana yule bado yuko njiani. Hata mimi mwenyewe sikuwa nimejua kama atalipata shamba. Baba alifika pale nilipokuwa nimefika mimi.

Nilikimaliza baada ya muda mrefu. Kitabu hicho kilipendwa. Nimekisoma ukumbini mjini Embu, watu wamekaa kwa safu na vipaza sauti vipo. Kikundi cha kina mama wa Mitunguu kiliniita nikawasomee kando ya mashamba yao ya ndizi, wakanirudisha na mikungu ambayo sikuweza kuibeba. Nashukuru. Lakini nikifika ile sehemu ya mti wa mpakani, sauti yangu hupungua, na kina mama hudhani ni uzee. Kuna mtu ninayemsubiri aniambie mti haukai pale.

Kituo kile kipo hata leo. Barabara ni ya lami, lori linafika kwa wakati, na watu wanakagua majani huku wakitazama simu. Maendeleo ni mema, sitayasema vibaya. Ila ikinyesha sana jioni, hujikuta nasikiliza upande wa barabara, nikitamani lori likwame tena, hata kidogo tu, na wale watu waliokwenda wawe bado wanangoja.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Hoteli ni sawa, na kanisa ni sawa. Ukitaka keki, kata keki. Watu wako wakikuchangia, pokea kwa mikono miwili, na wakikirudisha kitabu chako mnadani usiwawekee kinyongo, kwa sababu wanakuinua kwa njia waliyofundishwa. Lakini usiwaache waondoke kabla hujafungua ukurasa ukawasomea, kwa lugha wanayoielewa. Baada ya hapo usikae nyumbani ukingoja waje. Nenda mahali wanapongoja kitu kingine, kwenye foleni ya kinu cha kusaga, kwenye josho la ng'ombe, pale zahanati. Na mtu akiongeza mtoto ambaye hukumwandika, mwache amwongeze.

Na lile lililo kubwa kwangu. Usingoje kitabu kiishe ndipo umsomee mama yako. Najua bado yupo, na najua hujamwonyesha hata ukurasa, kwa sababu unaona haya na unasema hakijakaa sawa. Nenda nacho hivyo hivyo kikiwa kibovu. Keti naye, umsomee mpaka pale ulipofika.

Mungu akubariki, mwanangu. Aulainishe mkono wako, aipe sauti yako nguvu ya kufika meza ya mwisho, na ampe mama yako siku nyingi za kukuuliza umefika wapi.