Bodi Iliyokunywa Ukungu

Siku harufu hii ilipoingia puani mwangu kwa mara ya kwanza tulikuwa watu watano: mimi Eliza, mkubwa wa nyumba; Barnaba, mdogo wangu anayenifuata; Naomi, kitindamimba wetu, aliyekuwa bado ananyonya kidole ingawa alishaanza shule; Fundi Shekue, mwenye kibanda cha kutengenezea redio; na Mama Shufaa, aliyeuza matunda mlangoni pa kibanda hicho na kuyasikia yote yaliyosemwa ndani. Tate angekuwa wa sita. Tate ndivyo sisi Washambaa tunavyomwita baba. Lakini tate tulikuwa tumeshamzika, kando ya mama, kabla ya mvua za vuli.

Harufu yenyewe ni ya risasi ya kuchomelea inayoyeyuka juu ya utomvu wa msonobari. Fundi Shekue hakununua dawa ya kuchomelea ya dukani. Alipanda mwenyewe kwenye misonobari iliyo juu ya mji wa Lushoto, akakwangua utomvu kwenye magome na kuuweka katika kikopo cha mafuta ya kujipaka. Kibanda chake kikanukia nusu msitu, nusu jiko la mhunzi. Mimi nami nafanya hivyo hadi leo, na kila nikishusha pasi ya kuchomelea juu ya bodi, kile kibao kinachobeba vijidude vya redio, moshi ule mwembamba ukipanda, narudi kuwa binti wa kidato cha kwanza aliyeacha shule, nimesimama mbele ya meza ya fundi na kumwangalia mikono kama askari.

Msinishangae. Tate alipofariki, watu walikuja kuhani, na kila mmoja alianza kwa maneno yale yale: "Mimi na marehemu tulikuwa kama ndugu." Ukishayasikia hayo, ujue jembe linaondoka. Hawakuiba, la. Walichukua vitu "vikae salama" mpaka tukue. Mbuzi alikwenda kukaa salama Gare, kwa mjomba mmoja ambaye hatukuwahi kumjua kuwa mjomba. Redio, mablanketi mawili yaliyokuwa mazima, na msumeno mzuri wa tate, vyote vikaenda kukaa salama. Vilivyobaki vya maana vilikuwa gitaa lake la umeme na kile kisanduku cha bati alichokuwa akikikanyaga kwa mguu ili sauti ya gitaa ikwaruze. Sisi watoto tulikiita Kikohozi, kwa kuwa tate alipokikanyaga, gitaa lilitoa sauti kama ya mzee aliyeamka asubuhi ya baridi.

Waya wa gitaa tate alikuwa ameuchomelea moja kwa moja ndani ya kisanduku, kimoja kisiweze kuazimwa bila kingine. Huenda kushuku watu nilikurithi kwake. Kwa hiyo Kikohozi kilipokufa, gitaa nalo likawa bubu. Ndipo mwalimu wa kwaya alipotutembelea, akakohoa kidogo, akasema kwamba lisipolia ifikapo sikukuu ya mavuno, lingehamia stoo ya kanisa. Likae salama.

Barnaba hakula siku hiyo. Nyimbo zote za tate alizijua, alizipiga juu ya nyuzi bubu akizisikia kichwani peke yake. Nikaona kwamba wakilichukua gitaa, watakuwa wamemchukua na yeye.

Huku kwetu, redio ikipelekwa kwa fundi, mwenye redio hukaa hapo hapo mpaka ifungwe, maana ukiondoka unarudishiwa ganda. Mimi nilizidisha. Niliazima rangi ya kucha nyekundu kwa binti wa jirani, nikafungua kisanduku na kukipaka doa kila kijidude kilichokuwemo ndani. Kikibadilishwa hata kimoja, nitajua. Kisha tukabeba gitaa, Kikohozi na mfuko wa viazi, tukashuka mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibuni. Mbona mmekuja ukoo mzima?"

"Tumekuja kukaa," nikamjibu.

Mama Shufaa akaangua kicheko huko nje. "Mghosi, mzee wangu, leo umeletewa polisi!"

Fundi akakifungua kisanduku. Akakiinamia, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimkazia macho, nikiamini anapiga hesabu ya cha kunyofoa. Alipoinua kichwa aliuliza jambo moja tu: "Nani amevipaka hivi vitu rangi?" Barnaba akaninyooshea kidole, msaliti yule.

"Vizuri," fundi akasema. "Havitapotea."

Alitupima sote kwa macho, kisha akasema vipande vyote ni vizima. Kilichokufa ni bodi vilipochomelewa. Ilikuwa ya kahawia, yenye mistari ya shaba mgongoni. Akagusa mstari mmoja kwa ukucha, nao ukanyanyuka. "Imekunywa ukungu," akasema. Mimi nilisikia mtu anayetafuta sababu ya kuniuzia bodi mpya.

Akatoa vipande kimoja kimoja, akavichomeka kwenye bodi nyeupe ya plastiki yenye matundu mengi, ambayo haitaki kuchomelewa. Akaunga gitaa, akaunga na spika kuukuu, akampa Barnaba. Barnaba akagusa uzi mmoja.

Naomi alitoa kidole mdomoni. "Tate amekohoa," akasema.

Mama Shufaa aliacha kupanga matunda yake.

Nilikuwa wa kwanza kuzinduka. "Basi, imepona. Ifunge hivyo hivyo."

Fundi akaigonga meza kwa ngumi, si kwa nguvu, na vipande vikachomoka, sauti ikakatika. "Hii nyeupe ni ya kujaribia, mwanangu. Ya kuulizia swali. Kitu cha kukanyagwa na mguu kinataka bodi ya kukaa nayo." Akavuta debe lililojaa bodi, za kahawia na za kijani zimechanganyika, akachukua moja ya kijani iliyokuwa juu. "Kwa hali ya hewa yetu, hii."

Hapo ndipo nilipomkamata, au hivyo nilivyodhani. Ninyi mnaosoma, kama hamjawahi kufunga tenga la plamu za kupeleka sokoni, hamtanielewa. Nyumbani kwetu, kama nyumba zote za milimani, kazi ya mtoto ilikuwa kuchagua matunda: madogo na yaliyogongwa chini, makubwa na mekundu juu. Niliifanya kazi hiyo tangu sijafikia urefu wa tenga. Kwa hiyo mimi sikununua cha juu maishani mwangu. Nilizamisha mkono ndani ya debe mpaka bega, nikaivuta iliyokuwa chini kabisa.

Ilikuwa ya kahawia.

"Hiyo nimeitupa huko," fundi akasema. "Ilinyeshewa."

"Ndiyo nataka hiyo. Hata ya tate ilikuwa ya kahawia."

"We binti," Mama Shufaa akadakia, "na kwangu unachimbuaga hivyo hivyo mpaka matunda yanabonyea! Sasa na huko kwenye machuma unatafuta lililoiva?"

Barnaba alinivuta kanga. "Dada, chukua ya kijani." Nikamsukuma.

Fundi hakubishana. Aliipangusa ile ya kahawia, akatia utomvu kidogo, akashusha pasi. Moshi ukapanda, na hiyo ndiyo harufu niliyoanza nayo. Shaba ikabanduka chini ya pasi kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Umeibandua wewe," nikamwambia.

Nadhani mtu mwingine angetufukuza. Yeye aligeuza pasi, akanielekezea mpini. "Haya, shika wewe."

Sikuwahi kushika pasi ya kuchomelea. Niliishusha taratibu, pembeni kabisa, mahali ambapo yeye hakugusa. Shaba ikabanduka. Nikajaribu upande wa pili. Ikabanduka tena. Nikairudisha pasi mezani.

"Hizi za kahawia ni karatasi iliyogandamizwa," fundi akasema, kwa sauti ya kumweleza Naomi, asinielekezee mimi. "Ni nyepesi kukata, na huko Tanga mjini zinakaa. Huku ukungu unaingia hadi kwenye kabati la nguo, nazo zinaunywa, zinavimba, zinaachia. Hizi za kijani ni nyuzi za kioo. Zinakula msumeno, lakini hazinywi kitu." Kisha akanisogezea debe lote na kunigeuzia mgongo. "Chagua. Sikuoni."

Nilichukua ya kijani. Lakini si ile aliyonishikia, nilichukua nyingine.

Alichomelea mpaka ukungu wa mchana ukaanza kuteremka barabarani. Alianza kwa kukwaruza alama yake kwenye kona ya bodi kwa msumari, kijimwezi kidogo, kisha akapachika kijidude kimoja kimoja, madoa mekundu yakiangalia juu. Nilivihesabu kwa macho. Vyote vilikuwepo. Aliporudisha bodi ndani ya kisanduku na Barnaba akakikanyaga, Mama Shufaa alipiga kigelegele, kisha akasema kelele hizo zitamwozeshea matunda.

Nikasogeza mfuko wa viazi. Fundi akautazama, akamtazama Naomi alivyokonda, akaturudishia mfuko. "Rudini navyo. Nipe hii mbovu." Alikuwa ameishika ile bodi ya zamani ya tate.

Miaka ile walipita watu na magunia wakinunua redio zilizokufa, na ilisemwa kote kwamba ndani ya bodi za zamani mna dhahabu. Kumbe ndicho alichokuwa akikitaka tangu asubuhi! Ndiyo maana akanyamaza alipofungua. Ndiyo maana hakubishana.

"Ina nini?" nikamuuliza.

"Haina kitu."

"Kama haina kitu, unaitakia nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Nilimwona akitaka kusema, kisha akaacha. "Basi kaa nayo," akasema. "Siku ukiona haina kitu, niletee. Hayo ndiyo malipo yangu."

Niliificha ndani ya kopo la unga. Sikukuu ya mavuno Barnaba alipiga, mwalimu wa kwaya akatikisa kichwa kwa kuridhika, na gitaa likarudi nyumbani nasi. Nami nikaanza kushuka mjini kila nilipomaliza shamba, nikikaa kwenye kigoda cha fundi. Nilimwambia nimekuja kusubiri mtu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchunga, nijue anafanya nini na bodi za watu. Yeye hakuuliza. Alinipa pasi nimshikie, baadaye risasi, baadaye redio nzima, na katika kumchunga nikajifunza kazi. Kwa kazi hiyo Barnaba alimaliza shule, Naomi naye. Fundi alipodhoofika kifua na macho, binti yake alimchukua akakae naye Muheza, kwenye joto. Kibanda akaniachia mimi. Hata siku hiyo nilikagua kufuli.

Leo vijana wananiletea magitaa yao niwatengenezee pedali, visanduku vya kukanyaga kama Kikohozi, na wakiniuliza bodi gani, nawasogezea debe na kuwageuzia mgongo. Mvua za masika zilizopita nilikuwa natafuta kikopo cha kuwekea utomvu, nikalikuta kopo lile la unga. Bodi ilikuwa ndani, imevimba pembeni. Sikuwa nimeitazama tangu nilipoikwangua nikitafuta dhahabu.

Safari hii nilikuwa na macho ya fundi. Vipande vilikuwa vimetolewa, lakini risasi nyingi ilibaki, na vijiwaya vya kuunganishia. Upande mmoja matone yalikuwa manene, ya mtu mwenye haraka, na vijiwaya vyote vimekunjwa kushoto. Tate alitumia mkono wa kushoto. Upande mwingine matone yalikuwa madogo, yametulia, yanang'aa bado. Nikaifuta kona kwa kidole chenye mate. Chini ya masizi palikuwa na kijimwezi kilichokwaruzwa kwa msumari.

Niliketi. Walikuwa wameijenga pamoja, meza moja, pengine pasi moja wakipokezana. Katika wote waliokuja kutuambia kwamba wao na tate walikuwa kama ndugu, yule ambaye hakusema ndiye peke yake angesema kweli. Naye aliliona jicho langu, akajua kwamba akilitamka neno lile nitabeba kisanduku changu niondoke. Akalimeza. Akaomba bodi.

Fundi yu hai. Naomi anampitia akienda Tanga, anasema fundi huuliza kama bado nachimbua debe. Bodi nimeifunga kwenye gazeti, ipo hapa mezani, na kila wiki najiambia nitateremka nayo ukungu ukipungua. Siwezi kuikata katikati, nibaki na upande wa tate nimpelekee fundi wake. Mistari ya shaba imepita kwenye mikono yote miwili. Aliniambia nimletee siku nitakayoona haina kitu, na siku hiyo haijafika.