Mbwa Mwenye Ndevu na Karatasi Niliyoitia Sahihi

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliingia Mwanza na katambuga miguuni na darasa la tatu kichwani. Serikali ilipowafungulia watu biashara, wenye vyeti wakiwa bado wanaulizana ruksa maana yake nini, mimi nilishaanza kununua mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Nikayakaanga Igoma, nikayauza mpaka Shinyanga. Nyumba, pikapu, vyote kwa mikono hii. Uliza mtu yeyote Igoma.

Kitu kimoja tu hakikunitii. Tulimzika mtoto wetu wa pekee, mke wangu akanyamaza. Si kununa, kununa nakujua. Anapika, anafagia, anajibu "ndiyo", basi. Miezi minane.

Nikasikia kuna mama wa Kizungu, nesi mstaafu, anaokota mbwa wanaoachwa na wageni mikataba yao ikiisha. Nikampeleka mke wangu. Kambwa kamoja, kadogo kama sungura, ndevu kama za babu, kakamrukia, kakang'ata pindo la kanga na kuanza kulivuta. Mke wangu akacheka. Nilikaribia kulia, nasema kweli.

"Huyu ni jamii ya teria, hatulii," yule mama akasema. "Soma kwanza karatasi hii, bwana, ndipo utie sahihi."

Ilikuwa ya Kiswahili, imepigwa taipu, mistari mingi. Kusoma nasoma, lakini polepole, kwa kidole. Nitoe kidole mbele ya mke aliyemaliza la saba? Nikaipitisha macho juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama hakimu, nikaweka sahihi yangu kubwa yenye mkia.

"Inasemaje?" mke wangu aliniuliza garini.

"Mambo ya kawaida. Alishwe, asipigwe."

Wiki mbili nyumba ilikuwa nyumba. Mbwa alifukua mchicha, akaiba kandambili za watu, akabweka kutwa.

"Shemeji," jirani akapiga kelele ng'ambo ya ua, "hicho kipanya chenu betri zake zinaisha lini?"

"Zako zikiisha kwanza, shemeji!" mke wangu akamjibu. Mke wangu huyo huyo!

Chakula chake nilitoa mwenyewe, mapanki, tena yenye nyama. Nusu ya Igoma inakula mapanki, mbwa ni nani?

Wiki ya tatu akaanza kutapika damu. Nilimleta bwana mifugo kwa pikapu. Akamminya tumbo, akanitazama.

"Mzee, mfupa umetoboa utumbo. Mimi dawa zangu ni za ng'ombe. Huyu hafiki jioni."

Hakufika hata adhuhuri. Alifia mapajani mwa mke wangu.

Mke wangu alinawa mikono, akaitoa ile karatasi kabatini, akaisoma bila kupandisha sauti. Mstari wa tano: mbwa asipewe kamwe mifupa ya samaki.

"Ulisoma?"

Mimi niliyebishana bei na mameneja wa viwanda. "Nilisahau," nikasema. Hata pale ukweli ulinishinda.

"Hukusoma," akasema. Hakuongeza neno, wala kesho yake.

Baada ya wiki akaomba nauli ya meli aende kwao Nansio. Nikasema nitampa elfu hamsini, apitie na vitenge. Akakataa. Nauli tu, tena ya kwenda. Hajarudi mpaka leo. Nilimhesabia kiganjani: shilingi elfu moja na mia nne.