Yona wa Mwalimu Daudi Bado Hajakanyaga Mchanga

TAARIFA KWA UMMA. Mimi Khamis, mwalimu wa hesabu, mwenye vidole kama mihogo ya Chokocho, leo nimebonyeza noti tano za piano mfululizo bila kukosea. Shahidi ni mbuzi wa jirani. Aliondoka kwenye noti ya sita.

Siamini bado kwamba niliyetaka kumpa habari hii hayupo. Mwalimu Daudi wa fizikia, rafiki yangu wa miaka tisa. Moyo ulisimama ghafla, na wiki iliyopita amezikwa kwao Iringa.

Alipohamia shuleni kwetu, alishuka bandarini Mkoani na piano ya umeme imeviringishwa kwenye blanketi. Wachukuzi wakamuuliza, "Mwalimu, wahamia na mlango wako?"

Kila siku baada ya vipindi alikaa nayo, Biblia wazi pembeni, akitunga. Piano peke yake, hakuna wa kuimba. Nikamuuliza maneno yako wapi.

"Maneno yalishaandikwa, Bwana Khamis. Mimi natafuta pumzi yake."

Kazi yangu ilikuwa kurekodi kwa simu na kukosoa nisichokijua.

Alipotunga habari za Yona, kwetu Nabii Yunus, nilimwambia samaki wake ana haraka. "Samaki wa kummeza mtu hageuki kama dagaa." Akanicheka. Kesho yake yule samaki aligeuka taratibu mpaka nikashika kiti.

Ikiadhiniwa, aliinua mikono kutoka kwenye piano hapo hapo, hata katikati ya mstari. Hakuna aliyemwagiza. Adhana ikiisha, anaendelea alipoachia.

Kazi yake ya mwisho ni Yona anapotemwa ufukweni. Wengi mmeisikia, niliituma kwenye group la staff. Mmeniandikia kwamba ule mwisho wa kukatika umewaliza. Mama yake Daudi naye kaniambia hivyo kwenye simu. Nami najibu tu, ahsanteni.

Sasa niseme kweli. Ule si mwisho.

Adhana ya Alasiri ilianza, Daudi akainua mikono, mimi nikazima recording nikasimama.

"Subiri, Bwana Khamis. Yona bado hajakanyaga mchanga."

"Akanyage kesho. Mie nna njaa."

Msikitini nilikwenda, ndiyo. Lakini kilichonikimbiza ni pweza aliyekuwa jikoni kwangu. Na hiyo kesho Daudi hakuamka.

Karatasi ya mwisho wenyewe ninayo, mistari miwili ya noti kwa mkono wake. Dada yake kaniachia na piano. Kusoma noti alinifundisha mwenyewe. Vidole ndivyo vilivyofeli.

Noti tano leo. Zimebaki thelathini na sita. Siku ya arobaini nitampigia mama yake, niiweke simu juu ya piano, na Yona atakanyaga mchanga, hata kwa kuchechemea. Mbuzi ahame akitaka.

Lala, ndugu yangu Daudi, ulale kwa raha. Safari hii sizimi.